Uani Kabla ya Kaskazi

Tumo katikati ya Novemba. Mvua za vuli zingali zinatunyeshea za kuvizia, lakini kusi tuliyoizoea tangu Aprili imeshachoka, na muda si mrefu kaskazi itashika. Zamani kaskazi ilikuwa habari ya bandarini, habari ya majahazi yanayoshuka kutoka Arabuni na Bara Hindi. Siku hizi wengi wetu tunaijua kwa shuka iliyoloa jasho saa nane za usiku.

Leo nataka tuutazame uwanja wa nyumba: ua, kibaraza, upenu, ile sehemu yote iliyo nje ya mlango na ndani ya mpaka wako. Tuutazame sasa, kabla joto halijafika, maana yapo mambo ambayo ukiyaanza Januari umeshachelewa. Na nitasema mapema nilikosimama, asije mtu akashtuka katikati ya kipindi. Mimi naona pesa nyingi tunazozitumia nje ya nyumba zetu, hapa Dar es Salaam, na Tanga, na Mombasa vilevile, tunazitumia kununulia joto. Tunamlipa fundi atutengenezee tanuri, kisha tunakwenda dukani kununua feni.

Kwanza tukumbushane ukali wenyewe. Kuanzia Desemba hadi Machi hapa pwani joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33, na usiku haliteremki kwa maana, linabaki kwenye 24, 25. Ongeza unyevu wa bahari, ambao haulipi jasho nafasi ya kukauka. Nyumba nyingi ni za mabati. Bati linapigwa jua tangu saa moja asubuhi, na jioni chumba kimeiva. Ndiyo maana watu wa pwani wakati wa kaskazi huishi nje: chakula cha usiku nje, wageni nje, watoto wanadurusu nje, wazee na redio yao nje. Na miaka hii Ramadhani nayo imeangukia Februari na Machi, kaskazi ikiwa kileleni, kwa hiyo hata futari itatandikwa nje. Huko ndiko sebule yako iliko kwa miezi minne. Sasa mbona sebule ya ndani tunaipangia mapazia na mazulia, na hii ya nje tunamwachia fundi aamue?

Kabla ya kununua chochote, toka nje saa tisa alasiri usimame katikati ya uwanja. Sisi tulio kusini ya Ikweta, jua hutufanyia mchezo ambao wengi hatuuangalii. Hapa Dar es Salaam jua la saa sita hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 10 Oktoba na tena mwanzoni mwa Machi. Katikati ya tarehe hizo, yaani msimu wote wa kaskazi, jua la mchana huwa upande wa kusini kwetu, na jioni linazama magharibi likiwa limeegemea kusini. Kwa hiyo jua linaloumiza, lile la saa nane mpaka saa kumi na mbili, linaingia uwanjani kwako kutoka kusini-magharibi. Upepo je? Kaskazi inavuma kutoka kaskazini-mashariki, na alasiri upepo wa baharini unaisaidia kutoka mashariki.

Umeona jinsi mambo yalivyojipanga yenyewe? Adui anatokea pembe moja, rafiki anatokea pembe ya pili inayokabiliana nayo. Uwanja wa kaskazi unazibwa kusini-magharibi kwa kivuli, unaachwa wazi kaskazini-mashariki kwa upepo. Ukilishika hilo moja, mengine yote nitakayosema utaweza kuyapanga mwenyewe hata ukizima redio. Lakini usizime.

Tuchukue ukuta. Mtu akipata kiwanja, jambo la kwanza ni fensi, nami simlaumu. Wezi wapo na mipaka ina ugomvi. Ila tunajenga tofali moja kwa moja, mpaka juu ya kichwa, pande zote nne, kisha tunaweka geti la bati zima. Upepo umetoka Hindi huko, umevuka bahari yote, umefika mita 3 kutoka kwenye kiti chako, unagonga ukuta. Kama ukuta umeshajengwa, hakuna haja ya kuubomoa. Ule wa upande wa kaskazini-mashariki toa kozi tatu au nne za juu, uweke matofali yenye matundu, yale yanayouzwa kwa ajili ya urembo. Geti lako la bati, mwambie fundi wa kuchomelea aondoe bati la nusu ya juu aweke nondo. Usalama unabaki uleule, na mwizi hapungukiwi na shida. Halafu paka ukuta chokaa. Si rangi ya udongo, si kijivu cha kisasa, chokaa nyeupe. Upande wa ndani wa ukuta unaopigwa na jua ukiwa mweusi, utakurudishia lile joto mpaka saa tatu za usiku.

Sasa tufike kwenye pevingi. Ndugu zetu wa Mombasa wanaita kabro. Hapa naomba msikilizaji anivumilie kidogo, kwa sababu najua wengine mnanisikiliza mkiwa mmekalia hayohayo matofali.

Mazungumzo huwa hivi. Fundi anafika, anapima kwa hatua, anasema, "Mama, hapa tunamwaga zote, kutoka getini mpaka choo cha nje, uwanja utang'aa." Mama anauliza kuhusu ule mpera. Fundi anajibu, "Huo tuutoe tu mama, mizizi yake itainua pevingi, na majani yatakuchafulia." Mama anakubali, maana kweli amechoka kufagia. Juma lijalo mpera haupo, na uwanja mzima ni saruji kutoka ukuta hadi ukuta. Unapendeza, sikatai. Januari saa saba mchana mtoto hawezi kukanyaga bila ndara.

Nawaelewa wanaozipenda pevingi. Masika ikifika, uwanja wa udongo unakuwa tope, gari linakwama, viatu vinaingiza matope sebuleni. Vumbi la kiangazi nalo ni taabu kwa mwenye pumu. Mwanamke anayefagia uwanja wa mchanga kila alfajiri ana haki ya kutaka apumzike, na mara nyingi anayesifu uwanja wa udongo ni mwanamume asiyeshika ufagio. Hayo yote ni kweli. Lakini saruji ina tabia mbili. Inakunywa joto mchana kutwa na kulitapika usiku, saa zilezile ambazo ulitaka ukae nje upunge hewa. Na maji ya mvua hayapenyi. Yanakimbilia kwa jirani au barabarani, mtaa unafurika, nasi tunailaumu manispaa.

Ushauri wangu ni wa katikati. Weka pevingi panapopita gari na njia ya kutoka getini hadi mlangoni, basi. Chini ya miti na mahali pa kukaa acha udongo, mwaga mchanga mnene au kokoto ndogo, au otesha ukoka. Kama umeshamwaga zote, habari njema ni kwamba pevingi hazikujengewa. Zimepangwa juu ya mchanga. Zinang'oleka. Ng'oa mraba wa mita moja na nusu hapa, mwingine pale, pembe ya kusini-magharibi, upande mti. Zile ulizong'oa zizungushe kuwa kingo. Ni kazi ya asubuhi moja.

Na uwanja wa udongo una dawa yake ya jioni ambayo bibi zetu waliijua: saa kumi na moja unanyunyiza maji kwa mkono, kidogo tu, kisha unafagia kwa ufagio wa chelewa. Vumbi linalala, maji yanapoondoka yanachukua joto la ardhi, na ua unapoa kabla ya magharibi. Ndoo moja inatosha, na inaweza kuwa maji uliyosuuzia nguo. Jaribu kufanya hivyo juu ya saruji yenye moto: maji yanakauka upesi, na lile joto iliyolinywa mchana kutwa linarudi.

Tuje kwenye miti. Mti unapandwa sasa, vuli hii, ili mizizi ishuke kidogo kabla ya ukavu wa Januari. Chimba shimo futi 2 kwa futi 2, udongo wa juu uweke kando, uchanganye na samadi iliyooza vizuri, huo ndio urudi kwanza. Baada ya kupanda tengeneza bakuli la udongo kuzunguka shina, utandaze nyasi kavu au majani, yasiguse shina lenyewe. Ndoo ya lita 20 mara mbili kwa juma, jioni, polepole, ni bora kuliko kikombe kila siku. Kikombe kinaifundisha mizizi kukaa juu. Ukisafiri Desemba, chukua chupa kubwa ya maji, itoboe matundu madogo kwa sindano ya moto, ifukie karibu na mizizi, ijaze. Itavuja kidogo kidogo usipokuwapo.

Mti gani? Hapa kila mtu ana wake. Mwarobaini unavumilia ukame na kivuli chake ni kizito; upande mita 5 au zaidi kutoka kwenye nyumba, na usiusogeze karibu na shimo la choo wala bomba. Mkungu hutandaza matawi yake kwa ghorofa, ghorofa juu ya ghorofa, na sijaona mti unaowakusanya watu kuushinda. Ila hupukutisha majani mapana mekundu, na mwenye mkungu ajue kwamba ufagio wake hautapumzika. Mwembe ni wa mwenye nafasi na mwenye subira. Kwenye kiwanja kidogo cha mjini mimi ningekwenda na mpera, mstafeli au mkomamanga. Haivamii msingi, na watoto wanapata cha kutafuna. Mpapai unakua haraka lakini kivuli chake ni cha mtu mmoja. Migomba ipande pale yanapotokea maji ya bafuni, kama wazee walivyofanya, itakunywa yale maji na kukusitiria bafu.

Halafu kuna miashoki. Mnaijua, ile mirefu myembamba inayopangwa kando ya ukuta kama askari wa gwaride. Naona kila nyumba mpya inayo. Ni mizuri kwa picha, na mpangilio wake mnyoofu unampa mwenye nyumba heshima fulani mtaani. Lakini ukipanda kumi pembeni ya ukuta wa kaskazini-mashariki umeongeza ukuta mwingine juu ya ukuta, upepo hauna pa kupita, na saa saba mchana miti yote kumi haikufuniki wewe na kiti chako. Kama unaipenda ihamishie magharibi, huko ina kazi ya kufanya jua linapoinama.

Wakati mti unakua utahitaji kivuli cha haraka. Makuti bado hayana mpinzani pwani. Kuna ya viungo, yale yaliyoshonwa kwenye fito, na kuna ya kumba yaliyosukwa. Kwa paa chukua ya viungo, uyapange kwa kubana na mteremko uwe mkali, maana paa la makuti lililolala linavuja na kuoza upesi. Ya kumba yafaa kuziba pembeni, upande ule wa jua la jioni. Nguzo zikiwa za mkoko, mchwa watasumbuka sana. Zikiwa za mti mwingine, zisimamishe juu ya kipande cha zege zisiguse udongo. Wengi hupaka oili chafu ya gari. Inafanya kazi, lakini usipake kama una kisima karibu au bustani ya mchicha. Na jiko la mkaa likae mbali na banda la makuti. Mbali nasema, si upande wa pili wa meza. Kaskazi inavuma kwa nguvu na cheche haziombi ruhusa.

Neti za kivuli zinazouzwa madukani kwa ajili ya bustani nazo zinafaa, ni nafuu, na upepo unapita. Turubai la plastiki silipendekezi kabisa. Ukikaa chini yake saa nane utajua kwa nini.

Nimeulizwa mara nyingi kama wahenga wetu hawakuwa na uwanja, mbona nyumba za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zimebanana vile. Walikuwa nao, ila waliuweka ndani. Nyumba ya kale ya mawe ya Lamu ina daka mbele, lenye viti vya mawe pande mbili, ndipo mgeni anapokaa. Ukiingia unakuta kiwanda, ua ulio wazi juu na kuta pande zote. Kuta zenyewe za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene, karibu nusu mita, na vichochoro vyembamba vinajitilia kivuli vyenyewe. Hiyo ni hesabu tofauti na yetu, na inataka kuta nene na majirani waliobanana. Sisi tumechukua ukuta mrefu wa kule bila ule unene, tukaacha kivuli. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ya zamani, ile ya vyumba sita na ukumbi katikati, ilikuwa karibu zaidi na maisha yetu: baraza mbele linalotazama mtaa, ua nyuma wenye jiko, bafu na mti mmoja. Ukumbi ukiwa wazi mbele na nyuma, upepo ulipita moja kwa moja. Zinavunjwa kwa kasi, na ghorofa zinazochukua nafasi yake hazina hata upenu.

Sasa jambo ambalo halina urembo. Mbu wa dengi. Dar es Salaam ilipata mlipuko mwaka 2014, ikapata tena 2019, na Mombasa nayo inaujua ugonjwa huo. Mbu anayeueneza huuma mchana, na hutaga kwenye maji safi yaliyosimama kwenye vyombo: kisahani chini ya chungu cha maua, tairi, kifuu, kifuniko cha ndoo, mfereji wa bati ulioziba majani. Watu wengi wanajua kumwaga. Wasichojua ni kwamba mayai yamegandamana kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakingoja maji yarudi. Ukimwaga na kukiacha chombo palepale, umemwahirisha tu. Kisugue ndani kwa brashi na sabuni, hasa sasa wakati vyombo vimekusanya maji ya vuli. Tairi lisilo na kazi litoe. Kisahani cha maua kijaze mchanga. Simtanki lifunikwe sawasawa na tundu la kutolea maji ya ziada lifungwe kwa neti. Na kama unaweza lisogeze kivulini, au lijengee kibanda cha makuti, maana kuoga maji ya moto Februari bila kutaka si starehe.

Maji yenyewe yanapungua msimu huu. Mwaka 2022, mwezi Oktoba, Mto Ruvu uliposhuka, Dar es Salaam iliingia kwenye mgao, na bustani ndizo zilizokufa kwanza. Kwa hiyo ukipanga uwanja, mimea inayodai maji kila siku iwe michache na iwe karibu na mlango wa jikoni, ambako maji ya kuoshea mchele na mboga yanatokea. Rundo la matofali na mbao zilizobaki toka ujenzi liondoe, au linyanyue juu ya mawe. Nge na nyoka hupenda hapo pia wakati wa joto. Majani makavu usichome. Chimba shimo, yaoze, masika yajayo una mboji.

Kuna msikilizaji wa Temeke aliyetuandikia kwamba haya yote ni ya wenye nyumba, yeye ni mpangaji, ua wanautumia familia tano na mama mwenye nyumba hataki shimo hata moja lichimbwe. Hoja yake ni ya haki, na jibu ninalo. Panda dodoki.

Chukua ndoo iliyopasuka, ile isiyoshika maji tena, au kiroba cha saruji. Jaza udongo na samadi, toboa chini. Iweke kwenye kona ya magharibi ya ua. Funga kamba nne kutoka kwenye ndoo hadi ukingo wa paa, na nyingine uzipitishe juu mpaka kwenye nguzo ya kuanikia nguo. Waombe wenzako nafasi ya kamba moja tu ya kuanikia, hawatakataa. Mbegu hununui. Sokoni wanapouza madodoki ya kuogea tafuta lililo kavu ambalo halijamenywa, ulitikise. Mbegu nyeusi ngumu ndizo zilizokomaa, nyeupe ziache. Loweka usiku kucha, panda tatu, baadaye ubakize miche miwili yenye nguvu. Dodoki hupenda joto, na ukilimwagilia kila jioni, kufikia mwishoni mwa Januari litakuwa limefunika zile kamba kwa majani mapana na maua ya njano. Machanga yanapikwa kama mboga. Yakikomaa mnagawana, kila familia na la kwake la bafuni, na mama mwenye nyumba mpelekeeni mawili, kwa kuwa mwakani mtataka kamba ya pili.